Siku Redio ya Jikoni Ilipojibu

Kila asubuhi kabla ya chai, Mama hufuta mikono kwenye aproni, hushika maiki ya redio ya upepo iliyo juu ya kabati la vyombo, na humwita baba yangu kwa jina la chombo chake.

"Miss Vernita, Miss Vernita, hapa Nyumbani. Unanipata?"

Huachia kitufe. Husikiliza. Redio hukoroma kama mzee aliyepitiwa na usingizi. Kisha Mama huirudisha maiki mahali pake na husema, "Haya, Ora, mimina chai."

Mimi humimina. Hatulizungumzii jambo hilo. Kisiwa kizima cha Bimini humsikia, maana huku kwetu karibu kila jiko lina redio kama hiyo na wote tuko chaneli moja, na kisiwa kizima nacho hakilizungumzii.

Jumanne ile Mama alifuta mikono, akaita, akaachia kitufe.

Redio ikajibu.

"Nyumbani, Nyumbani, nakupata vizuri kabisa. Endelea."

Sauti ya mwanamume! Birika likaniponyoka. Chai ilinimwagikia mguuni na sikuusikia ule moto mpaka baadaye sana.

Mama hakupiga kelele. Aliketi tu, palepale sakafuni, kama mtu aliyeondolewa kiti. Maiki ikabaki inaning'inia kwenye waya wake, ikigonga mlango wa kabati.

"Mjibu," akaninong'oneza. "Ora, mwanangu, mjibu."

Nami sikuweza.

Ninyi mnaoifuata simulizi yangu kila wiki tangu mwanzo mnanijua nilivyo. Nikitaka mkate siuagizi redioni kama wenzangu, hufunga kitambaa kichwani nikaenda kwa miguu, ili kisiwa kisinisikie nikiomba mkate. Kitufe kile nilikuwa sijakibonyeza hata siku moja maishani mwangu.

Mliochelewa nawapa kwa ufupi. Baba yangu, Kapteni Hezron Pinder, alivuka kwenda Florida na chombo chake cha mizigo, Miss Vernita, alichokipa jina la mama yangu. Akapakia gauni langu la harusi na friza ya jirani yetu Bi Curlene, akashika njia ya kurudi. Mvua ikaanguka. Jioni ile tulimsikia redioni, sauti inakatika-katika: "Kwa dira hii nimebakiza kidogo tu. Mimina chai, Vernita."

Mama akamimina. Baba hakufika.

Hakuonekana ubao wala boya. Ndege zilitafuta mpaka zikachoka. Harusi yangu na Zendal, fundi wa injini, ikaahirishwa. Kisha Zendal mwenyewe akaiahirisha tena, na tena, bila kusema sababu, na kila nikimtazama usoni anatazama viatu vyangu. Wiki iliyopita niliwaachia nikiwa nje ya karakana yake, nimeivua pete, nimekwenda kumrudishia. Basi ujasiri ulinitoka mlangoni. Nilirudi nayo nyumbani, nikaivaa tena kama mwizi.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

"Nyumbani, mpo?" redio iliendelea. "Naitwa Tolland. Boti yetu imetia nanga nje ya bandari yenu. Tunatafuta familia ya kapteni wa Miss Vernita. Tunatengeneza kipindi cha televisheni."

Mama alifumba macho. Niliona kitu kikizimika usoni mwake, na nikamchukia mtu yule kabla sijamwona.

"Mkate Moto anaingia!" Huyo alikuwa Bi Curlene mwoka mikate, usingizi bado umo kooni. "Wewe mgeni, huna adabu? Jina lile haliitikii mtu yeyote! Unataka kumuua mwenzangu kwa mshtuko?"

"Samahani, mama, sikujua kwamba..."

"Mama yako nani? Nina umri wa kukuzaa mimi?"

"Kengele hapa," akaingia Shemasi Ruel. "Curlene, mwache mgeni aseme. Bwana, televisheni yenyewe ni ya rangi?"

"Ya rangi, mzee. Kipindi kinahusu meli na ndege zinazopotea katika bahari hii yenu. Tunataka maelezo ya wenyeji."

Hapo ndipo asubuhi ilipoharibika kabisa. Ukitaka kuvuruga Bimini, waulize watu wake wakueleze kwa nini vyombo vinapotea.

"Maelezo yangu mimi ni taa," alisema Shemasi. "Wiki ile ile ya Hezron niliziona. Za kijani. Zinashuka, zinapanda."

"Zile ni taa za baa ya mpwa wako!" Bi Curlene akamkata. "Na ulikuwa unatokea humo. Mgeni, usimsikilize. Ni Lusca. Pweza mkubwa wa mashimo ya buluu, yale marefu ya chini ya bahari kule Andros, mtu na boti yake anameza kama dagaa. Amehamia huku."

"Pweza anahama?" Shemasi akauliza.

"Wewe ulihama Nassau kwa sababu ya mke. Pweza asihame kwa sababu ya mahoteli?"

Watu walicheka kwenye redio. Nilisikia jiko baada ya jiko wakibonyeza vitufe ili kicheko chao kisikike. Mimi nilikuwa napangusa chai sakafuni. Nilijua Mama atawakemea. Ni baba yangu waliyekuwa wanamcheka.

Mama aliinuka. Akaishika maiki.

"Mgeni," alisema, sauti laini kama siagi. "Njoo nyumbani. Nyumba ya rangi ya waridi, kilimani. Samaki wa kuchemsha yupo, mkate wa johnny, ule wetu wa kisiwani, upo. Nitakueleza yote."

"Mama! Utamweleza nini?"

"Chochote anachotaka kusikia," akasema, akaenda kuchana nywele.

Walikuja wawili. Tolland alikuwa mwanamume wa makamo, viatu vyeupe, meno meupe, anashika mkono wa mtu kwa mikono yake yote miwili. Aliingia na kamera begani. Nyuma yake akaja mama mtu mzima mwenye kofia ya majani na dira ndogo shingoni inayoning'inia kwa uzi, kama watu wengine wanavyovaa msalaba.

"Huyu ni Bi Hattie Crewe," alisema Tolland. "Alikuwa mchunguzi wa ajali za baharini. Tumemchukua kwa ajili ya upande wa sayansi."

"Dakika mbili mwishoni mwa kipindi," alisema Bi Hattie, "watu wakiwa wameshakwenda kulala. Mkate huo umeuoka wewe, binti?"

Niliitikia kwa kichwa. Akala vipande vitatu bila kuzungumza, nikampenda.

Taa ya Tolland ilikataa kuwaka. Umeme wetu huwa hivyo. Mama akatuma neno redioni, na kabla sahani hazijaondolewa Zendal alikuwa mlangoni na mkoba wake wa vifaa.

"Mama, shikamoo. Ora."

"Zendal."

Ndiyo yote tuliyosema. Akapiga magoti chini ya meza kwenye waya, mgongo wake umenielekea. Shati lile nilimshonea mimi. Nilitazama mshono wa begani kwa sababu nilihitaji kutazama kitu.

Taa ikawaka. Tolland akaelekeza kamera kwa Mama.

Basi Mama alisimulia! Mama yangu, ambaye hudharau hata wanaosoma bahati zao kwenye gazeti, aliketi chini ya taa ile akasema Baba alimweleza juu ya mianga chini ya maji. Akasema mishale ya saa yake ilikuwa ikisimama. Tolland alipouliza habari za Lusca, Mama akasema ndiyo, huenda. Alipouliza kama kuna mji uliozama ambao mawe yake bado yana nguvu za kuvuta, Mama akasema ndiyo, huenda.

"Na gesi? Wataalamu wengine wanasema gesi hutoka chini ya bahari, maji yanakuwa mepesi kama povu, meli inazama kama jiwe."

"Huenda," alisema Mama. "Ndugu yangu, bahari ni kubwa. Yote huenda."

Nilisimama kando ya jiko nikimtazama kama mgeni. Nikakumbuka kitu. Mwaka ule wote tangu Baba apotee kila jirani alikuja na lake, taa, pweza, mashetani, na Mama hakumpinga hata mmoja. Aliwapa kahawa. Aliwaongezea.

"Safi sana," alisema Tolland. "Bi Hattie, tupe lako kidogo. Sema kwamba sayansi imeshindwa."

"Sayansi haijaulizwa bado." Bi Hattie alijipangusa mdomo. "Tuanze na ule Mkondo wa bahari mnaouvuka kwenda Florida. Kofia ikianguka humo leo asubuhi, kesho asubuhi iko kaskazini mbali ambako hakuna anayeitafuta. Ndiyo maana hampati ubao. Hakuna aliyeuficha, maji yameuchukua. Mawimbi makubwa ya ghafla yapo, nimeona yalichofanya. Dhoruba za nusu saa zipo. Hiyo gesi labda ipo, sijapata kuona chombo ilichokizamisha. Lakini vyombo vingi nilivyochunguza mimi vilipotea kwa kitu kidogo. Na mara nyingi kilifanywa na mtu aliyekipenda chombo hicho."

Bisibisi ya Zendal ilianguka. Ikabingirika hadi miguuni kwangu.

"Kwa hiyo nina swali moja," aliendelea. "Kabla ya safari ile ya mwisho, kuna kipya chochote kiliingizwa kwenye Miss Vernita?"

"Hakuna," alisema Mama.

Alisema haraka mno. Hata Tolland alishusha kamera kidogo.

Mimi sikuelewa. Nilidhani Mama amesahau, na niliona vibaya asahau kitu cha furaha kuhusu Baba mbele ya wageni wanaomfanya kuwa hadithi ya pweza. Kwa hiyo mimi, ambaye sisemi mbele ya watu, nikasema.

"Kulikuwa na spika."

"Ora," alisema Mama.

"Mama, umesahau? Nilimletea zawadi kutoka Nassau, mshahara wangu wa kwanza wa ualimu. Spika mbili, pacha. Moja ya chomboni, asikilize kaseti za kwaya akiwa njiani, moja ya hapa jikoni. Alifurahi, akacheza kwenye sitaha mpaka Shemasi akamwambia astahi miaka yake."

"Ora, wape wageni kahawa."

"Ya jikoni ipo bado. Ila iliharibika." Nikakifunua kitambaa cha kufuma ambacho Mama aliifunikia mwaka mzima, kando ya redio. "Hii hapa."

Bi Hattie aliinuka polepole. Alivua dira shingoni, akaiweka mezani, tukaona sindano ikitulia kaskazini. Akaichukua, akaisogeza karibu na spika.

Sindano ikageuka. Ikageuka kama mbwa aliyeitwa jina lake.

Akaiondoa, sindano ikarudi. Akaisogeza, ikageuka tena.

"Spika ina sumaku kubwa nyuma," alisema. Hakuwa anazungumza na kamera. "Haijaharibika hii. Binti, ile ya chomboni ilifungwa wapi?"

"Chini ya dira," nikasema. "Kwenye rafu ndogo, mahali pakavu, isipate chumvi."

Niliyasema kwa mdomo wangu, na nikayasikia yalipokwisha kutoka.

Hakuna mtu Bimini ambaye angeshangaa spika kuwekwa pale. Makapteni wetu hawaendeshi kwa dira. Wanasoma rangi ya maji. Kijani hii ni mchanga, kahawia ile ni nyasi, buluu ile ni kina. Baba alikuwa akisema dira ni pambo, kama taji la bibi harusi. "Maji yana rangi, mimi nina macho." Lakini kwenye Mkondo rangi ni moja tu, buluu inayokaribia weusi, na siku ile mvua ilifunga kila kitu. Siku ile moja alihitaji dira.

*Kwa dira hii nimebakiza kidogo tu.*

"Kulikuwa na mvua?" aliuliza Bi Hattie.

"Ndiyo."

"Basi alidhani anakuja mashariki. Alikuwa anapanda kaskazini, na Mkondo unamsukuma huko huko. Akakipita kisiwa bila kukiona." Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Pole, mwanangu. Pole sana."

Tolland alizima kamera.

"Hiyo tutaikata," alisema. "Msielewe vibaya, inasikitisha. Lakini hakuna anayekaa mbele ya televisheni kuangalia spika."

Mlango wa wavu ukagonga. Nilipogeuka, mkoba wa vifaa ulikuwa bado chini ya meza na Zendal hayupo.

"Wageni," alisema Mama, "tokeni jikoni mwangu."

Tolland alianza kuuliza kama anaweza kupiga picha ya nyumba kwa nje. Bi Hattie alimshika kiwiko akamtoa kama mtoto mtukutu kanisani.

Tukabaki wawili.

Mkono ulioshika spika pale dukani ni huu huu ninaouandikia. Muuzaji alinionyesha ndogo, nikasema hapana, nataka kubwa, baba yangu ana mashine yenye kelele. Nilichagua kubwa.

"Keti," alisema Mama.

"Sitaki kuketi."

"Ora."

"Ulisema imeharibika."

Mama alichukua kitambaa cha kufuma akakikunja, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama leso.

"Nilijua," alisema.

Nikaitazama spika.

"Zendal alifunga spika nyingine kwenye boti ya mtu, kama ile, wakati ambao ningefanya matanga ya baba yako, nami sikuyafanya. Akaiona dira inageuka. Alikuja hapa. Alilia pale ulipo wewe sasa, akitaka nimpeleke polisi. Nikamwambia, polisi watakufanya nini, uliweka muziki kwenye chombo cha mkwe wako. Nikamwapisha kwa Biblia asikwambie."

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Umesimama unatetemeka, unaniuliza kwa nini!" Sauti yake ilipanda kisha ikavunjika. "Kwa sababu ni zawadi yako. Ukimlaumu pweza, pweza haumii. Ukilaumu taa, taa haina moyo. Lakini ungejilaumu wewe. Nakujua mimi. Wewe ulilia wiki nzima kwa kukanyaga kaa. Nikaona afadhali kila mtu aseme lake, yawe maelezo mia, hilo moja lizame humo."

"Na kila asubuhi? Unamwita mtu unayejua amekufa?"

"Nilikuwa naita ili unisikie nikiita. Ukiona mimi sijakubali, hutauliza alikufaje." Alitazama redio. "Hiyo ni mwanzoni. Baadaye niliita kwa sababu nilizoea kulisema jina lake. Na leo asubuhi mtu alipojibu, Mungu anisamehe, mimi ninayejua yote nilidhani ni yeye."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kuvunja sahani. Nilizunguka meza ile sijui mara ngapi, nagusa kiti, naacha, nagusa kingine.

"Mama, mwaka mzima nimemchukia Zendal. Nilidhani amepata mwingine. Nilikwenda kumrudishia pete!"

"Najua. Alikuona dirishani."

"Aliniona?"

"Alikuja jioni akaniomba nimfungue kiapo. Akasema hawezi kukuoa na jambo lile kati yenu, na hawezi kukuacha bila kukwambia sababu. Nikakataa." Mama alijipangusa uso kwa aproni. "Kosa hilo ni langu. Usimpe yeye."

Redio ikakwaruza juu ya kabati.

"Nyumbani, Nyumbani, Mkate Moto hapa! Vernita, uko wapi? Mbona Zendal anafungua kamba za boti yake, na magharibi kumekuwa kweusi vile? Nimemuuliza anakwenda wapi, kaniambia Florida. Nikamwambia utarudi lini, kaninyamazia!"

"Kengele hapa. Ameshatoka. Nimemwona anapita kwenye lango la bandari. Nimempungia, hakunipungia. Hata jaketi la mvua hana."

Nilikimbilia dirishani. Boti ilikuwa ndogo tayari, povu nyuma yake limenyooka, na mbele yake mbingu imeshuka mpaka majini.

"Mama, mwite! Mwambie arudi!"

Mama alinyanyua maiki. Nilimwona akivuta pumzi kama anavyofanya kila asubuhi. Kisha hakubonyeza. Alinyoosha mkono akanipa mimi.

"Mimi nimemwita mmoja mwaka mzima," alisema. "Huyu mwite wewe."

"Siwezi. Mama, watasikia wote."

"Watasikia."

"Nitasema nini?"

"Yale uliyokwenda kumwambia karakanani ukarudi nayo."

Maiki ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri, na ina jasho la mkono wake. Povu lile kule nje lilikuwa linafutika. Nilifikiria Bi Curlene na unga mikononi, Shemasi na sikio lake zuri, watoto niliowafundisha nyimbo Jumapili, wote wameegemea redio zao. Nilifikiria siku Zendal aliponiposa, nami nikaitikia kwa kichwa tu, akabaki amesimama anasubiri neno ambalo halikuja.

Nikabonyeza.

"Zendal." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Zendal, Zendal, hapa Nyumbani. Ni Ora."

Kitufe bado kimebonyezwa. Sikukiachia, kwa sababu ningekiachia nisingekibonyeza tena.

"Wote mnaosikiliza, sikilizeni. Si pweza, wala si taa. Ilikuwa spika, nayo ilivuta dira. Niliinunua mimi. Zendal, uliifunga wewe, na Baba akaiwasha mwenyewe akacheza. Hakuna kati yetu aliyetaka hili. Nimekasirika. Ukirudi nitakupigia kelele mpaka Shemasi afunge madirisha. Lakini sitaki kukuita kila asubuhi kabla ya chai. Sitaki, Zendal. Geuza hiyo boti. Uliniuliza swali nikakujibu kwa kichwa, sasa nakujibu kwa mdomo, kisiwa kizima ni shahidi. Ndiyo. Nataka kuolewa na wewe. Nilitaka jana, na nataka sasa hivi, nikiwa na hasira hizi. Unanipata?"

Nikaachia kitufe, nikasikiliza.